Sayansi ya Siasa, Mkopo na Miaka ya Kungoja

(Maneno haya niliyasema Lamu, mbele ya vijana waliomaliza kidato cha nne na wazazi wao, wakati wa kuchagua kozi. Waliokosa kufika waliomba yaandikwe. Salamu nimezipunguza, na hesabu nimezipanga vizuri kuliko nilivyozisema kwa mdomo.)

Assalaam aleikum, wazee wangu, mama zangu, walimu, na nyinyi vijana, mliokuja kwa hiari na mlioburutwa.

Nimeitwa nizungumzie kozi moja tu, sayansi ya siasa, kwa sababu naambiwa mwaka huu wengi wenu mmeiandika. Sababu naijua. Uchaguzi wa 2027 unanukia, kila baraza la kahawa lina mchambuzi wake, na mtoto wa Lamu amekulia ndani ya mjadala: bandari, ardhi, hati miliki, makaa ya mawe. Wengine mmeiandika kwa kuwa C+ yenu imewafungulia mlango wa digrii lakini imewafungia udaktari na uhandisi. Hakuna aibu hapo. Hata mimi sikuwa nakimbiliwa na vitivo vya udaktari.

Niliisoma kozi hii Nairobi, nikakopa, nikalipa mpaka nikapewa cheti cha kutodaiwa. Leo riziki yangu iko Mokowe, kwenye chama cha akiba na mikopo, meza ya mikopo. Mtu anakaa mbele yangu na karatasi yake ya mshahara, naisoma mstari kwa mstari, kisha namwambia anaweza kukopa kiasi gani. Basi nasema kama mtu aliyewahi kukopa, na pia kama mtu anayekopesha.

Mzee mmoja amenishika mkono pale mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, hii siasa inalipa?" Nimemwomba anivumilie, kwa sababu swali lenyewe naona halijakaa sawa. Inamlipa nani, wapi, baada ya miaka mingapi? Mimi nikimpima mtu swali langu huwa hili: shilingi ya kwanza ya mshahara itaingia lini, na mpaka siku hiyo deni litakuwa limefika wapi? Kwa kozi kama udaktari au uuguzi swali hilo halitishi sana. Kwa sayansi ya siasa ndilo swali lenyewe, na ndilo nitakalolishikilia mpaka mwisho.

Tuanze na deni. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB kama tunavyoiita wote, iliundwa 1995. Mkopo wake kwa digrii ya kwanza unatozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na unatakiwa uanze kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Sisi wa zamani tulikopeshwa kitu cha kati ya shilingi 40,000 na 60,000 kwa mwaka, na karo ya mwanafunzi wa serikali ilikuwa 16,000. Nyinyi mmeingia kwenye mfumo uliotangazwa 2023, ambao gharama ya kozi inagawanywa mafungu matatu: ufadhili ambao haurudishwi, mkopo, na sehemu ya familia. Mahakama Kuu iliubatilisha Desemba 2024, kesi ikaenda rufaa, na mfumo ukaendelea kutumika. Karo zenyewe nazo zimekuwa zikiguswaguswa. Kwa hiyo hesabu ninayoiandika ubaoni ni ya mfano. Mkifika nyumbani toeni tarakimu zangu, mtie za kwenye barua yenu.

Tuseme kozi inagharimu shilingi 150,000 kwa mwaka. Mtoto yuko bendi ya kwanza, ile ya familia zenye kipato cha chini kabisa. Kwa mgao uliotangazwa 2024, ufadhili unabeba asilimia 70, mkopo 25, familia 5. Mzazi anaona shilingi 7,500, anashukuru Mungu, anarudi kwenye shughuli zake. Mtoto yeye amekopa 37,500 za karo. Halafu kuna posho ya kujikimu, 60,000 kwa bendi hiyo, na posho hiyo si zawadi, ni mkopo. Jumla 97,500 kwa mwaka. Miaka minne, 390,000.

Naomba tukae hapa kidogo. Katika hizo 390,000, ni 150,000 tu zilizokwenda kwa mihadhara. Nyingine 240,000 zimekwenda kwa chumba, chakula, bando la simu, na safari za kutoka Lamu kwenda na kurudi. Boti mpaka Mokowe, basi kupitia Witu na Garsen, usiku mzima barabarani. Mtoto wa Kiambu anakwenda nyumbani wikendi na mfuko wa viazi unarudi naye. Wa kwetu hana njia hiyo. Mtu akiniambia digrii ya siasa imemtia kwenye deni, huwa namwambia kilichomtia kwenye deni ni kula na kulala mbali na nyumbani.

Sasa mchukueni wa bendi ya tatu. Ufadhili asilimia 50, mkopo 30, familia 20, posho 50,000. Mkopo wa karo ni 45,000, ongeza posho, unapata 95,000 kwa mwaka, 380,000 kwa miaka minne. Mmeona? Tofauti ya deni kati ya mtoto wa mvuvi na mtoto wa mwenye duka ni shilingi 10,000 tu. Wanapotofautiana ni kwa baba: mmoja anatoa 7,500 kwa mwaka, mwingine 30,000. Kwa hiyo wale mnaopigania bendi kama watu wanaogombania maji ya bomba, mjue mnaupigania mfuko wa mzazi. Deni la mtoto liko palepale.

Njooni kwenye kipato. Hapa Marekani wametutangulia, na ni vizuri tuwatazame, kisha tujue pa kuwaacha. Serikali yao ina tovuti inayoitwa College Scorecard. Unaandika chuo, unaandika kozi, inakuonyesha deni la kawaida la waliohitimu na kipato chao, na kipato hicho kimetoka kwenye kumbukumbu za kodi, hakikutoka kwa msemaji wa chuo. Mabango ya vyuo vyetu huonyesha majoho. Mishahara hayaionyeshi.

Lakini hata wenye takwimu wana mtego wao. Idara ya takwimu za kazi ya huko ilitaja mshahara wa kati wa mwanasayansi wa siasa kuwa dola 132,350 kwa mwaka, hesabu ya Mei 2023. Kijana anaiona namba hiyo kwenye simu, anaizidisha kwa shilingi, kichwa kinamzunguka. Haendelei kusoma. Angeendelea angeona kwamba kazi zenye jina hilo, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 330, ni elfu sita na kitu, na kwa kawaida zinataka digrii ya pili. Vyuo vyao kila mwaka vinatoa makumi ya maelfu ya watu wenye digrii ya kwanza ya siasa. Wengi wao hawaitwi wanasayansi wa siasa hata siku moja maishani. Ni makarani, mawakili baada ya kusoma tena, wauza bima, walimu, maafisa wa miji midogo. Mshahara wa jina la kazi haukuambii chochote kuhusu mshahara wa mwenye cheti. Hilo ni kweli Washington na ni kweli Mkomani.

Washauri wa huko wana kanuni moja naipenda: deni lote la digrii lisizidi mshahara wa mwaka wa kwanza kazini. Tuijaribu hapa. Chukua kazi ya kuanzia ya shilingi 30,000 kwa mwezi, naitaja kwa mfano, wako wanaopata zaidi na wako wengi wanaopata chini ya hapo. Kwa mwaka ni 360,000. Deni letu la mfano ni 390,000. Limepita, lakini kwa kidogo. Kwa hiyo nikiambiwa nichague upande kwa tarakimu hizo peke yake, ningesema deni hili linabebeka. Methali inasema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi kwa kazi yangu sikubaliani nayo moja kwa moja. Nimewaona waliolipa bila msiba wowote.

Tuisome sasa karatasi ya mshahara ya huyo wa 30,000, kama vile ameiweka mezani kwangu. Mstari wa kwanza, pensheni ya NSSF, asilimia 6, shilingi 1,800. Unaofuata, bima ya afya ya jamii, SHIF, asilimia 2.75, shilingi 825. Ada ya nyumba, asilimia 1.5, shilingi 450. Kodi ya mapato, baada ya nafuu ya mlipa kodi, kama 731. Amebaki na 26,194. Kisha mstari wa HELB. Sheria inamtaka mwajiri aukate mwenyewe na kuupeleka, huna haja ya kwenda popote, na pia huna pa kujificha. Tuseme anakatwa 4,000. Mkononi 22,194.

Kwa 4,000 kila mwezi, 390,000 kwa riba ya asilimia 4 inachukua miezi 118, karibu miaka kumi. Ukikatwa 6,000 ni kama miaka sita. Na katika miaka hiyo yote ukija kwangu kutaka mkopo wa kiwanja au wa harusi, mimi nakuta HELB imeshakaa kitini. Sheria ya ajira haikubali makato yote yapite theluthi mbili za mshahara, kwa hiyo nagawa kilichobaki. Nimewahi kumwambia kijana mwenye digrii safi, amevaa shati limepigwa pasi vizuri, kwamba siwezi kumpa hata mkopo wa pikipiki. Hakunikasirikia. Aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akauliza chai inauzwa wapi.

Lakini huyo ana kazi. Huyo ndiye aliyefanikiwa. Wanaoninyima usingizi ni wanaongoja.

Asiyelipa muda wake ukifika, HELB inamtoza faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Linganisheni na makato ya 4,000 tuliyoyaona sasa hivi. Faini ni kubwa kuliko malipo yenyewe! Kijana amemaliza, mwaka wake wa neema umepita, hajapata kazi, amenyamaza. Miaka miwili ya kunyamaza ni faini 120,000, na riba kama 31,200. Deni lililokuwa 390,000 limepita 540,000, naye hajawahi kupokea mshahara hata wa siku moja. Wakati huo jina lake linaweza kuwa limeshapelekwa kwa taasisi za taarifa za mikopo, CRB. Na kazi anayoitafuta, kwa kuwa amesoma siasa, aghalabu ni ya serikali, na serikali inamtaka cheti cha HELB kabla ya kumwajiri. Hapo ndipo mambo yanapojifunga: hana kazi kwa sababu hana cheti, hana cheti kwa sababu hana kazi.

Ndiyo maana nasema tusishindane juu ya 30,000 au 35,000. Wahitimu wawili wenye deni moja na mshahara mmoja, mmoja akipata kazi ndani ya mwaka wa neema na mwingine akingoja miaka miwili zaidi huku amenyamaza, tofauti yao ni kama laki moja na nusu. Hiyo ndiyo bei ya kungoja. Nayo kozi ya siasa, tuseme ukweli, ina kungoja.

Kwa nini? Kwa sababu kazi zilizoandikiwa watu wake ni chache, na zinahesabika. Watu wa Lamu mnapenda kuniambia, "Ugatuzi umeleta kazi." Umeleta. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 iliweka wasimamizi wa kaunti ndogo na wasimamizi wa wadi, na aliyesoma siasa na utawala ni mtu wao kabisa. Haya, tuhesabu wadi za Lamu: Faza, Kiunga, Basuba, Shella, Mkomani, Hindi, Mkunumbi, Hongwe, Witu, Bahari. Kumi. Vidole vya mikono vimetosha. Ongeza Tana River, 15. Ongeza Kilifi yote, pamoja na Malindi, 35. Kutoka Kiunga mpaka Mtwapa mna viti 60 vya msimamizi wa wadi, na kila kiti kina mtu aliyekikalia, mwenye afya njema, na tunamwombea umri mrefu.

Serikali kuu nayo huajiri makamishna wasaidizi wa kaunti kutoka watu wa sayansi za jamii, lakini nafasi hizo hutangazwa nchi nzima na utashindana na kijana wa Kitui na wa Kisumu. Kuna mashirika ya haki za binadamu, kuna utafiti, kuna vyombo vya habari, kuna Bunge na mabunge ya kaunti, kuna wizara ya mambo ya nje. Zote ni kazi za kweli. Hakuna hata moja inayokungoja siku ya mahafali. Za tume ya uchaguzi zilizo nyingi ni za wiki chache, na karani wa kituo cha kura hahitaji digrii.

Na kuna wale ambao mpango wao ni kugombea. Nawaona, msijifiche. Hii si kozi ya kuandaa wabunge. Gavana anatakiwa awe na digrii, lakini sheria haijali ni ya nini. Awe amesoma siasa au samaki, ni sawa. Anayetaka ubunge na asome anachokipenda, halafu aende mazishini na harusini kama wengine.

Hapa mtaniuliza, kama ni hivyo kwa nini sisemi tu "msiisome"? Nisingethubutu, na si kwa kuwa niliisoma mimi.

Kumbukeni kesi ya bandari. Wavuvi na wenzao walikwenda mahakamani 2012, wakilalamika kwamba mradi unaingia kwenye bahari yao bila kuwashirikisha. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa, na ikataja fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi kama 4,600. Mwaka uliofuata, Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe, na moja ya sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ushiriki wa umma umo kwenye katiba, ibara ya 10. Lakini ibara haijisimamii. Inahitaji mtu wa kuomba nyaraka chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, wa kuketi na ripoti ya kurasa mia kadhaa, wa kuandika nani alisema nini kwenye kikao na nani hakualikwa, kisha amweleze mzee wa Kizingitini kwa lugha anayoielewa. Nani anafundishwa kazi hiyo? Mwanafunzi wa siasa, akiwa amefundishwa vizuri. Mji huu unawahitaji watu hao. Tatizo ni kwamba mji kumhitaji mtu ni jambo moja, na mji kuwa na bajeti ya kumlipa ni jambo jingine.

Halafu lazima mtu atanitajia Profesa Ali Mazrui. Kila mara hutajwa, na ni haki, pwani yetu haijatoa mwanasayansi wa siasa aliyesikika zaidi yake. Alizaliwa Mombasa 1933. Matokeo yake ya sekondari hayakuwa ya kujivunia, akafanya kazi ya ofisi katika taasisi ya elimu ya Waislamu, ile ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Mkitaka kumtumia kama mfano basi mchukueni mzima. Alikwenda Manchester kwa ufadhili wa serikali, hakwenda kwa mkopo. Hakuishia digrii ya kwanza: alipita Columbia akamalizia Oxford. Akafundisha Makerere, kisha Michigan na Binghamton. Kipato chake kilitokana na digrii ya tatu. Wewe unaipima digrii ya kwanza yenye deni, usiipime kwa mizani yake.

Wamarekani wanalo jambo moja ambalo naona hapa kwetu lingefaa kujadiliwa. Tangu 2007 wana mpango kwamba aliyekopa serikalini akafanya kazi ya umma, akalipa awamu 120, salio lililobaki linasamehewa. Mtu wa siasa ndiye hasa anayeangukia huko. Msimamizi wa wadi wa Basuba, anayekwenda kazini kwa msafara wa ulinzi, hana nafuu kama hiyo. Anakatwa sawa na mwenziwe wa Westlands, Nairobi. Wabunge wa pwani wakija kuomba kura, waulizeni hilo, badala ya kuwauliza fulana.

Sasa ufupisheje muda wa kungoja? Nitasema ninachokiona mezani.

Wanaopata kazi mapema katika watu wa siasa ni wale waliobeba kitu cha pili. Takwimu kwanza. Najua mliikimbia hesabu ndiyo maana mko hapa, lakini kila idara ya siasa ina somo la mbinu za utafiti, na wanafunzi hulipita kama mtu anayepita makaburini usiku. Lishikeni hilo. Anayeweza kuandaa dodoso, kukusanya majibu kwa simu, na kuyatia kwenye jedwali, anaitwa. Sensa, tathmini za miradi, utafiti wa mashirika, vyote vinamtafuta yeye kabla ya mwenye kujua nadharia peke yake. Pili, fedha za umma. Kijana anayeweza kuisoma bajeti ya kaunti na kukuonyesha pesa zilipolala, huyo hata mwandishi wa habari anamtafuta. Tatu, lugha. Nyinyi mna Kiswahili ambacho wengine wanalipia kujifunza, na bado mnakiandika kwa mkato kama ujumbe wa simu. Kutafsiri kumelipa kodi ya nyumba yangu miezi mingi kuliko cheti changu.

Na likizo ndefu msirudi kulala. Nendeni ofisi ya wadi, ofisi ya bunge la kaunti, shirika lolote, mkaombe kujitolea mkiwa bado wanafunzi, wakati chakula ni cha mama na faini haijaanza. Kujitolea baada ya kuhitimu, deni likiwa linahesabu miezi, ni ghali mno. Ukimaliza, Tume ya Utumishi wa Umma ina mafunzo kazini ya mwaka mmoja yenye posho. Omba mapema, uyatumie kuujaza ule mwaka wa neema.

Kama kwenu nyuma yako kuna wadogo wanne wanaongoja karo, na hakuna mtu wa kukushika mkono miaka miwili baada ya chuo, basi nakwambia kwa mapenzi, anza na stashahada ya kazi ya mikono au ya afya, siasa utaisomea ukubwani. Haiendi popote. Vyuo vimejaa watu wazima wanaosoma jioni baada ya kazi.

Suala la riba. Wako wazazi hapa ambao hawataki mkopo wowote wenye riba, na asilimia 4 ni riba, hatutazunguka. Mimi si shehe, waulizeni mashehe. Ninachoweza kusema ni cha hesabu: asiyekopa inabidi ajue basari ya wadi, ya eneo bunge, ya kaunti, na michango ya ukoo vinafika kiasi gani, na aandike kwenye karatasi kabla mtoto hajapanda boti. Nimewaona watoto waliokataa riba mwaka wa kwanza kwa imani nzuri, wakaingia mikopo ya simu mwaka wa pili. Hiyo ina gharama kuliko asilimia 4 mara nyingi sana.

Waliohitimu na hawajapata kazi, kama mko humu: msinyamaze. Iandikieni Bodi, elezeni hali yenu, ombeni mpango wa malipo hata kama ni kidogo, wekeni nakala. Mara kwa mara hutangazwa msamaha wa faini kwa wanaolipa deni lote kwa mkupuo; ukoo ukiweza kuchanga wakati huo, hiyo ni pesa iliyookolewa. Ni afadhali ukoo uchange hapo kuliko kuchanga kwa sherehe ya mahafali yenye mahema matatu.

La mwisho ni kwenu wazazi na wajomba mnaotajwa kama wadhamini. Someni mnachotia sahihi. Na jambo dogo ambalo limeumiza wengi: maombi mengi ya mkopo hapa yanajazwa saiba, kwenye maduka ya intaneti, na kijana wa saiba, kwa kuharakisha foleni, hutia barua pepe aliyoitengeneza yeye na nywila anayoijua yeye. Baada ya miaka minne laini ya simu imebadilika, barua pepe haifunguki, ujumbe wa Bodi unakwenda mahali ambapo hakuna mtu, na faini inaanza kuhesabiwa kimya kimya. Leo jioni, kabla ya kulala, kaeni na mtoto, fungueni akaunti yake, mhakikishe namba ni yake, barua pepe ni yake, na nywila imeandikwa kwenye daftari lililoko nyumbani. Waliokwisha kuitwa vyuoni wanione mimi au mwalimu hapa mbele, tuna mtandao na tuna saa nzima. Wenye maswali waanze. Mama wa pale nyuma, wewe kwanza.